Kwaya Iliponyamaza, Mimi Nikaendelea

Kwaya nzima ilinyamaza. Mimi nikaendelea kuimba peke yangu, upande wa pili wa ukuta, mlango umepigwa kufuli.

Nilipomaliza darasa la saba, shangazi alimwambia mama, "Wifi, huyu niachie mimi, nitamfundisha ushonaji."

Akanifundisha kweli. Sare za shule, asubuhi hadi jioni, kwenye chumba cha uani chenye kidirisha kule juu karibu na dari. Akitoka anafunga, ufunguo anauvaa shingoni ndani ya gauni.

Mwanzoni nilipiga kelele. Jirani akauliza. Nikamsikia shangazi akijibu kwa huruma, "Mgonjwa wangu huyo, dada. Kichwa hakiko sawa. Mtuombee tu."

Wakaniombea!

Kadiri nilivyolia ndivyo walivyomwamini. Nikafunga domo.

Pumzi yangu ilikuwa Jumamosi mchana. Nyumba ya nyuma, ukuta mmoja na mimi, aliishi mwalimu wa kwaya, na mazoezi yalifanyika kwake. Waliimba zaburi ile ya mwisho, ya matari na matoazi, inayomtaka kila mwenye pumzi asifu. Tuni ilikuwa ya zamani, polepole, kama watu waliobeba kabati.

Mimi naacha cherehani, natega sikio, naingiza sauti ya pili chini chini.

Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwalimu akimwita Asali.

Weee! Jina na mtu.

Nikimfuata yeye sitelezi. Nikajisemea, huyu akijua nipo hapa, atanitoa.

Jumamosi moja mwalimu akaleta tuni mpya ya zaburi ileile, kaitunga mwenyewe. Hii ilikuwa ya mbio.

Wakaivuruga. Wakairudia. Wakaivuruga tena.

"Besi, mnakokota magunia?" mwalimu akafoka.

Mimi nilikuwa nimeshaishika. Furaha ikanipanda, nikasahau kuimba chini chini.

Kabla ya mstari wa mwisho, mwalimu akawakatisha kwa ishara ya mkono. Wao waliuona mkono. Mimi nilikuwa naona ukuta.

Sauti yangu ikabaki juu, uchi.

"Nani huyo?"

"Ni mgonjwa wangu, mwalimu. Msimjali, tuendelee."

Shangazi! Kumbe Jumamosi huwa anakuja hapa?

"Asali, mgonjwa gani?" mwalimu akauliza. "Tuni hii imezaliwa leo, nyie wenyewe imewashinda. Huyo kaishika bila hata kuniona. Twende tukamtazame."

Asali.

Nikakaa juu ya rundo la sare.

"Ufunguo nimeusahau sokoni," nikamsikia akisema.

"Usihangaike, mama," akajibu seremala wa besi. "Nyundo ninayo."

Kufuli lilipoanguka, waliingia wote. Shangazi alibaki mlangoni, kiganja kifuani, ameukamata ufunguo juu ya gauni.

Siku hizi naimba sauti ya pili nikiutazama mkono wa mwalimu. Zaburi ile bado naipenda, kwa tuni zote mbili.

Ila mtu akinipendeza kwa sifa anazoimba, sikimbilii kumwita mtakatifu. Nasubiri kwanza nijue nyumbani kwake amemfungia nani.