Somo la Jua Nililowafundisha Kina Mama

Sogea karibu nikueleze, wewe uliyejifungua juzi au unayetarajia. Jambo hili nililieleza vibaya kwa miaka mingi, na sitaki kosa lile likufikie.

Nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji, upande wa Genkuru, miaka ile watu walipomiminika kutoka kila mkoa kufuata dhahabu. Vyumba vya kupanga vilisimamishwa haraka, mabati kuanzia ukutani hadi juu, bila dirisha, kwa kuogopa wezi. Ndani, saa sita mchana ilikuwa kama jioni. Mama aliyejifungua alikaa humo na mwanawe siku nyingi, na aliyetaka kuiona sura ya mtoto aliwasha tochi.

Kila Jumanne niliwafundisha kina mama kwenye mabenchi ya kliniki. Nilipenda kazi hiyo. Nilirudia jambo mpaka aliyekaa nyuma kabisa alielewe. Nikifika kwenye umanjano wa watoto wachanga, niliwaambia kama nilivyoambiwa na walionitangulia: mtoto akiwa wa njano, mwotesheni jua la asubuhi, itaisha. Walifurahi, maana dawa hiyo haikuhitaji safari.

Mmoja wao alikuwa binti wa Singida, mimba ya kwanza, aliyemfuata mumewe kwenye machimbo. Alikaa benchi la mbele, akitikisa kichwa kukubali na kuyarudia maneno yangu kwa midomo bila sauti. Alijifungulia kwetu mtoto wa kiume aliyelia vizuri, na kesho yake akarudi nyumbani.

Siku ya tatu mtoto akageuka wa njano. Siku hiyohiyo duara la mumewe, shimo walilolichimba miezi mitano bila kitu, likatema dhahabu. Wachimbaji wana miiko yao, na hawakuona shida kuyaunganisha mambo hayo mawili. Mama alimlaza mtoto mlangoni juani, juu ya kiroba kilichotandikwa kanga, kama nilivyofundisha. Wanaume wakipita kwenda kushuka shimoni, kila mmoja aliinama akamgusa unyayo. Unyayo ulikuwa njano kama kiini cha yai. Wote waliuona, na kila aliyeuona alifurahi.

Mimi nilifika siku ya sita, Alhamisi, baada ya mama mwenye nyumba kuniambia kwamba mtoto wa mpangaji wake halii tena. Nilimkuta palepale juani. Nilimvua nguo: njano kutoka machoni hadi vidoleni. Nikainua mkono wake, ukaanguka. Mama alijaribu kumnyonyesha, lakini hakuvuta. Akaniambia kwamba tangu jana amekuwa mpole, hasumbui kabisa.

Nikasema anatakiwa hospitali sasa hivi. Mumewe akaenda kuitwa, akaja na vumbi la mawe hadi kwenye kope, wenzake wawili nyuma yake. Alinisalimu kwa heshima.

"Sista, nawe unaogopa rangi ya hela?"

Wenzake wakacheka. Akaeleza taratibu, kama mtu anayemtuliza mgeni, kwamba Jumamosi watatoa mzigo wa mwisho, kisha atampeleka mtoto mwenyewe, kwa gari la kukodi. Mtoto akiondoka kabla ya hapo, dhahabu itamfuata.

"Mura," nikamwambia, kama huku tunavyomwita kijana, "hiyo rangi iko kwenye damu ya mtoto. Ikizidi inaingia kwenye ubongo, na ikishaingia haitoki."

"Mke wangu amemwanika kila asubuhi. Si wewe uliyemfundisha?"

Kama ningejibu upesi kwamba nilikosea, labda wangenisikia. Nilinyamaza, na ukimya wangu ukamtosha. Akarudi shimoni. Mkewe alimtazama akienda, akamfunika mtoto, na hakuthubutu kuondoka bila ruhusa yake.

Ijumaa mchana mtoto alianza kujipinda mgongo kama upinde, akilia kilio chembamba. Baba mwenyewe ndiye aliyekimbia kutafuta bodaboda. Hospitalini walimweka chini ya taa ya bluu, na kwa siku mbili umanjano ukapungua. Kilichokwisha kuingia kichwani hakikupungua. Daktari alituambia hivyo kwa sauti ya chini, akiangalia cheti.

Duara lilikauka. Baba alihamia machimbo mengine, hajarudi. Mtoto sasa ana miaka mitano, shingo haimshiki, na hajawahi kuisikia sauti ya mama yake. Mama humbeba mgongoni mpaka leo.

Siku moja nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba somo langu ndilo lililokuwa na kosa, kwamba jua si tiba, na kwamba lilimpotezea siku tatu.

"Hapana, sista," akasema. "Labda mimi nilikuwa namtoa mapema, jua halijakolea."

Nilirudia maelezo tangu mwanzo. Alitikisa kichwa kukubali, vilevile alivyofanya kwenye benchi la mbele, na nikaona kwamba haniamini.

Somo nimelibadilisha. Lakini lile la zamani lilikwisha kuondoka na wanawake waliohamia machimbo mengine, likavuka na ndugu zao hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Bado wanaletwa watoto waliochelewa, na mama huniambia kwa kujiamini kwamba alimwanika. Siwezi kulikimbilia kila lilipofika.

Wewe basi fanya hivi. Kila siku, kwa wiki ya kwanza, mlete mtoto mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, achia, uangalie rangi inayobaki. Angalia na weupe wa macho, viganja na nyayo. Ukiona njano, au akiwa mlegevu na hanyonyi, usimwanike na usimsubiri mtu yeyote. Endelea kumpa titi, na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.