Simama Mlangoni, Uhesabu Mafuta

Nakumbuka siku moja pale Mbugangari, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka. Nilikuwa kibarua katika kakiwanda kanakogeuza mafuta yaliyokaangiwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kuwa mafuta ya kuendeshea injini. Mafuta hayo hayageuki yote kwa mara moja. Yanapikwa na dawa kwenye pipa, yaliyogeuka yanatolewa, yaliyobaki, ukiacha machache machafu yanayotupwa, yanarudishwa pipani kwa bomba yapikwe tena pamoja na mapya.

Siku hiyo shefu wetu, msimamizi wa kazi, kijana mwenye shahada kama wewe, aliona pipa limepokea bidoni, yaani madumu, kumi na sita, na mafuta ya injini ni bidoni tisa tu. Akamgeukia Bahati, mama mmoja kutoka kijiji cha Kanama aliyepokea mafuta mlangoni.

"Bidoni saba iko wapi? We ni mwizi!"

Mbele ya watu wote! Bahati alivua aproni, akaondoka analia. Na sisi tuliendelea kumimina mafuta, wajinga wakubwa.

Mama Zawadi, fundi mkuu wetu, aliposikia alikuja mbio. Sijaona mtu amekasirika vile. Akamburuta shefu hadi mlangoni.

"Bon, hesabu hapa. Mapya imeingia ngapi?"

"Kumi."

"Isiyogeuka, tumetupa ngapi?"

"Moja."

"Donc, kwa kumi, tisa imegeuka! Ile sita inazunguka tu mule ndani, inatoka kwa pipa inarudi kwa pipa. Haijapita huu mulango! Unaita mutu mwizi juu ya mafuta iko ndani ya bomba?"

Shefu alikwenda Kanama kuomba radhi. Bahati alimsikiliza, akaendelea kupalilia viazi vyake. Hakurudi tena. Habari ya wizi ilikuwa imeshafika kanisani kwao.

Leo nawe unakunywa chai yangu, unaniambia utawafukuza vijana wa kiwandani kwako kuwa ni wezi, kwa sababu pipa linageuza nusu tu. Ebo! Nusu hiyo ni ya mzunguko mmoja. Ukitaka hesabu ya kiwanda kizima, simama mlangoni: linganisha mapya yaliyoingia na yaliyotoka bila kugeuka. Yanayorudi kwa bomba yaache. Kabla hujafanya hivyo, usithubutu kumwita mtu mwizi.

Mungu akupe subira, mwanangu, na siku ukisingiziwa wewe, akupe mtu wa kukutetea kabla hujafika kwenye geti. Acha hiyo chai. Nenda, vijana wako hawajatoka kazini bado.