Samaki wa Kukaanga Katikati ya Maombi

Mwenzenu niliwahi kuaibika mbele ya kanisa zima kule Kakuma, kipaza sauti kikiwa kifuani, na mpaka leo nikisikia mtu akitafuna kitu kikavu masikio yananiwaka moto.

Mimi ni afisa lishe, nakaa Nawoitorong hapa Lodwar, na siku hiyo nilialikwa kuzungumza na akina mama wenye kisukari na presha. Aliyenifanya nikubali ni Mama Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza nguo pale kambini. Alikuwa ameniambia hatarudi tena kuchukua dawa kwenye kliniki ninayohudumu hapo kila wiki, kwa sababu kila akipimwa uzito anaona haya, na wenzake wanamwambia njaa yake ni ulafi, ni shetani. Nikamsihi aje anisikilize mara moja tu.

Sasa kosa langu lilikuwa dogo: niliamua kutokula. (Eti niwe mfano!) Nikaondoka Lodwar bila hata chai ya rangi, nikafika, nikasalimia kwa Kiturkana, "Ejok!", nikajigamba kwamba tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni na mnaniona nimesimama wima, kwa hiyo njaa ni mambo ya kichwa tu. Mama Nyandeng, kiti cha mbele, akainamisha uso.

Pasta, Mkongo mpole, akasema tusali kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na beseni la samaki wa Kalokol, kule ziwani, wamekaangwa wakakauka vizuri, wakisubiri mwisho wa mkutano. Jamani, ile harufu! Nikapiga hesabu: maombi ya Pasta ni marefu, kila sentensi inatafsiriwa kwa Kiarabu cha Juba halafu kwa Kiturkana, macho yote yamefumbwa, nani atajua? Nikavunja mkia, nikautia mdomoni.

Kipaza sauti nilikisahau. Pasta alinyamaza apishe tafsiri, na katika ukimya ule spika zikatoa "krup!" Mkalimani akakwama, hakujua hiyo ataiweka vipi kwa Kiarabu. Nikajaribu kumeza haraka, nikapaliwa, nikakohoa kanisa likatetemeka, na nilipofungua macho kila mtu alikuwa ananitazama.

"Daktari," Pasta akasema taratibu, "amina bado."

Mama Nyandeng akainuka. Nikajua ndiyo anaenda na dawa hatameza tena. Kumbe alikuwa ananiletea maji. Kisha akawageukia wenzake: "Muone! Daktari pia iko na njaa. Shetani yangu imeingia kwa yeye?" Kanisa likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yeye.

Hotuba yangu ya kuishinda njaa ikafia hapo. Nikaketi, nikawaambia kile nilichosomea nikakisahau: mwili hujitengenezea kemikali zake, jamaa za zile zilizo kwenye bangi (Pasta akashtuka, nikamhakikishia simshauri mtu avute). Ukikaa na njaa, kemikali hizo huongezeka kwenye ubongo na tumbo, zinaifanya harufu iwe tamu zaidi, zinakusukuma kwenye mafuta na sukari, zinauambia mwili uweke akiba. Nawaambieni, ni kazi ya ajabu! Mfumo huohuo wa kemikali una mkono wake kwenye usingizi, maumivu na hofu, na katika nchi hii ya ukame sijui nani angefika leo bila huo. Taabu huanza pale mafuta na sukari vinapokuwa karibu kila siku, na mfumo haujui kunyamaza. Hiyo si dhambi. Cha kufanya ni kula kwa wakati, kwa kiasi, na kumeza dawa.

Nimeapa sitazungumzia njaa tena na tumbo tupu. Lakini aibu ile siijutii sana, maana wiki iliyofuata Mama Nyandeng alikuja kliniki, akapanda mizani bila kuambiwa, akachukua dawa zake. Halafu akatoa mkobani kipande cha samaki kilichofungwa kwenye gazeti, akaniwekea mezani.

"Kula, daktari," akasema. "Amina nimeshasema."