Ukuta Mbele ya Kaburi la Mama

Nilianza kwa kusukuma mkokoteni pale mpakani Isebania, nikivusha magunia ya mahindi kutoka upande wa Sirare. Darasa la tano ndilo chuo kikuu changu. Leo ukiuliza yale malori ya mahindi ni ya nani, hata mtoto atakuonyesha mlango wangu. Nasema hivyo ujue kwamba mtu kama mimi hakuzoea kushindwa, sembuse na maji.

Boma la wazazi wangu liko karibu na Mbita, chini kabisa, ufukweni mwa ziwa. Mimi ni kitinda mimba. Kwetu sisi Wajaluo, ndugu wakubwa hutoka wakajenga kwao, na kitinda mimba hubaki na dala, yaani boma, la baba na mama, pamoja na makaburi yao. Akihama, mahali pale panakuwa gunda, boma lililokufa, na jina la baba linakwenda nalo.

Ziwa lilipoanza kupanda, lilimeza shamba la sukumawiki, halafu choo, halafu mti tuliokuwa tukifungia ng'ombe. Kaunti ikamtuma mtaalamu wa kupanga ardhi ya ufukweni, msichana wa huku huku kwetu. Akatandaza ramani juu ya boneti ya gari langu.

"Baba, hapa chini tuyaachie maji," akasema. "Tupande mafunjo, nyuma yake miti inayovumilia maji, na tuchimbie mifereji mvua ya mlimani. Nyumba ipande kule juu."

"Na mama yangu?"

Akaweka penseli juu ya ramani. "Makaburi yanaweza kuhamishwa kwa heshima, mkikubaliana kama ukoo."

"Nyathina," nikamwambia, yaani mwanangu, "mama hakuchorwa kwa penseli. Huwezi kumfuta hapa ukamchora kwingine."

Waliokuwapo walicheka. Nikajisikia mkubwa.

Jirani yangu mvuvi aliikubali ramani. Mimi nikaleta mawe kwa malori yangu mwenyewe, simiti, nondo, na fundi niliyemtoa Migori mjini. Ukuta ukasimama mpaka hadi mpaka, mrefu kunipita. Watu walikuja kupiga picha nao. Mvuvi naye akapita na nyavu begani. "Omera," akasema, kama anayemwita ndugu yake, "umelijengea ziwa jela. Lakini naona aliye ndani ni wewe."

Ukuta wangu haukuvunjika, na hilo lijulikane. Mawimbi yaliupiga mpaka yakachoka. Lakini mvua za masika ziliteremka mlimani zikakuta ukuta, hazina pa kutokea. Nikawa na ziwa langu binafsi ndani ya boma. Maji mengine yalipenya chini kwa chini kwenye mchanga. Kaburi la mama, nililolivika vigae vyeupe kushinda kaburi lolote pande zile, likaanza kulala ubavu.

Nikampigia simu yule msichana. Akaja na gambuti zake. Hakunicheka, na afadhali angenicheka.

"Toboa ukuta, Baba. Ukichelewa, makaburi yatazama."

"Nikitoboa, si ziwa litaingia?"

"Likizidi kupanda, litaingia."

"Basi tupande yale mafunjo yako."

Alichovya fimbo majini, ikazama karibu yote. "Yalitaka kushika mizizi wakati maji ni haba. Hapa sasa ni kina."

Nilichukua nyundo mwenyewe, sikutaka fundi auguse ukuta wangu. Maji yakatoka, vigae vikaonekana, na mke wangu akaingia na kitambaa kuvipangusa matope. Tulidhani tumempata mama. Ziwa likaendelea kupanda, na siku ya upepo likaingia kwa tundu lile lile nililolitoboa.

Kwa jirani, mafunjo yamesimama na wimbi linafika kwake likiwa limelegea. Ndugu zangu wamekubali sasa kwamba wazazi wahamishwe. Wamekubali wakati hakuna jembe linaloweza kuchimba pale.

Watu wa Isebania bado wananiita tajiri, na sikatai. Nikija nyumbani napanda juu ya ukuta, natembea taratibu mpaka usawa wa pale ninapodhani mama amelala. Kupajua hasa siwezi tena. Ukuta ni imara, hautikisiki hata kidogo. Maji yako mbele yake, na maji yako nyuma yake.