Kilo Tisini za Mume Wangu

Mara ya kwanza nilifeli kwa sababu ya soksi. Nilikuwa nimeshapanda ngazi na mpira wa maji begani, nimeshatambaa ndani ya bomba lenye giza, nimebakiza kitu kimoja tu: kumvuta mtu wa bandia, kilo themanini za mchanga zilizovalishwa ovaroli na buti, mpaka kwenye mstari mweupe. Nikamshika kwapani, nikaanza kurudi kinyumenyume. Hatua ya tano buti lake la kushoto likachomoka, na pale penye mguu palikuwa na soksi ya mtoto wa shule, ya mistari, imejazwa mchanga ikatuna. Nilicheka. Nilicheka mpaka mikono ikawa maji, nikakaa chini na yule mtu mapajani mwangu, na saa ya afande ikaendelea kuhesabu.

Ndivyo nilivyo. Kicheko kikinishika, nguvu zote zinanitoka, hata kikombe cha chai siwezi kukishika. Siku ya ndoa yangu shehe alipokuja kuniuliza kama nimeridhika, ilibidi aondoke arudi tena.

Mtihani ulikuwa wa kiwanda kimoja cha Jinja chenye kikosi chake cha zimamoto. Mkuu wa kikosi alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, na wote tulimwita afande. Alinisaidia kuinuka, akanipangusa mchanga mgongoni, kisha akasema, "Mwaka kesho wewe nakuja tena. Mara moja tu. Ukishindwa, hapana rudi hapa."

Mimi na mume wangu tunauza mchele kwa jumla mjini Mbale. Sikuwa na shida ya kazi. Lakini siku moja moto ulishika ghala la jirani yetu wa mtaa wa maduka, na sisi wote tukatoka mbio, huyu na kalkuleta, yule na redio. Wakati sisi tunatoka, watu wa lori jekundu la zimamoto walikuwa wanaingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaona wivu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wawili, na niliona wivu kama mtoto aliyenyimwa nafasi ya kucheza. Usiulize kwa nini. Niliitaka kazi ile, basi, hata kama maana yake ilikuwa siku nne za juma Jinja na tatu nyumbani.

Niliporudi na aibu yangu, mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye ile soksi alicheka kuliko mimi. Halafu akafuta macho akasema, "Mama watoto, wewe mikono unayo. Kinachokushinda ni kicheko. Sasa kicheko hakitaacha kukujia, wewe jifunze kuvuta huku unacheka."

"Nitavuta nini?"

Akajipiga tumbo. "Kilo tisini. Na soksi nitavaa."

Basi tukaanza. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, uani kwetu Nabuyonga, mume wangu alilala chali kwenye nyasi, kavaa suruali kuukuu na soksi za mtoto wetu mkubwa ambazo zilimfikia nusu ya wayo. Mimi nilimshika kwapani. Kazi yangu ilikuwa kumtoa mlangoni mpaka kwenye bomba la maji. Kazi yake ilikuwa kunichekesha nisifike.

Siku ya kwanza jirani yetu, hajjati mmoja mwenye heshima zake, alichungulia juu ya ua akamwona baba wa watu anaburutwa kafumba macho. Akaanza, "Innalillahi..." Mume wangu akainua kidole bila kufumbua macho. "Bado, Hajjati." Siku hiyo sikuvuta hata hatua moja zaidi. Nililala kwenye nyasi kando yake, na Hajjati akaenda zake akisema kwamba nyumba ile inahitaji kusomewa dua.

Silaha yake kubwa ilikuwa matangazo ya vifo. Huku kwetu redio inayatangaza kila siku, kwa sauti ile ya polepole, na orodha ya ndugu wa kuarifiwa isiyokwisha. Nikimshika tu, anaanza: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mwuza mchele maarufu. Marehemu ameacha mjane mmoja mwenye mikono dhaifu. Habari zimfikie shemeji yake wa Nakaloke ambaye hajarudisha toroli letu." Nacheka, naanguka, nainuka, nashika tena. Jioni alijipakulia matoke mara ya pili na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, juu yake, akasema hiyo ni kwa ajili ya mtihani. Akafika kilo tisini na nne, na akajivuna kana kwamba anayefanya mazoezi ni yeye.

Mchana nilipanda ngazi za jengo la ghorofa tatu jirani na duka, gunia la mchele begani, na wapagazi wakanipigia makofi kila ghorofa. Jumapili nilikimbia mpaka Nakaloke na kurudi. Makondakta wa teksi, zile basi ndogo za abiria, walinionea huruma. "Mama, nafasi iko," waliniita, "kwa nini unajiua?" Nilikosa pumzi ya kuwajibu, nikawapungia mkono tu.

Sijui ni mwezi gani ilitokea. Najua kwamba asubuhi moja alikuwa anatangaza kifo chake kwa mara ya mia, machozi ya kicheko yananitiririka, na kisigino changu kikagonga bomba la maji. Nilikuwa nimefika. Tulitazamana. Akaketi palepale kwenye matope, akasema, "Ukipita, siku hizo nne nani atanivuta?" Nilidhani ni mzaha mwingine. Nikacheka, nikamrudisha mlangoni kwa kumburuta.

Siku ya mtihani yeye alibaki kufungua duka, mimi nikapanda basi la kwanza la kwenda Jinja. Tulikuwa watu kumi na wawili, tumepangwa mistari miwili, na wa Mbale nilikuwa peke yangu, mstari wa nyuma kabisa. Nilifurahi kuwa nyuma. Nilitaka nione wenzangu wanavyofanya kwanza. Nilikuwa nimejiapiza kwamba leo, chochote kitakachotokea, sicheki.

Afande akapuliza filimbi akapaza sauti. "Wa Mbale, kuja!"

Nikawapita wenzangu wote kumi na mmoja kwa mbio, nikasimama mbele yake kifua nje.

Akanitazama. "Wewe, nani naita wewe?"

"Wewe, afande. Umesema wa Mbale."

"Mimi nasema wa mbele," akasema, akionyesha mstari wa kwanza. "Wa mbele. Hapana Mbale."

Mimi, ambaye mama yangu ni wa Busia upande wa Kenya, mimi ninayejidai kwamba nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tunacholalia na kuamkia. Wenzangu walishika magoti kwa kucheka. Hata afande mdomo ulimchezacheza. "Haya," akasema, "sasa wewe ndiyo wa mbele. Anza."

Kwa hiyo nilipanda zile ngazi huku nacheka. Nilitambaa ndani ya bomba nikisikia kicheko changu kinanirudia gizani. Nikatokea upande wa pili, na pale akawa ananingoja rafiki yangu wa mchanga. Mabuti yake walikuwa wameyafunga kwa waya, nadhani kwa heshima yangu. Nikamshika kwapani, nikavuta, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu alikuwa kimya. Nilikuwa nimezoea mzigo unaosema. Mikono ilitafuta ile sauti na haikuipata, na kila hatua ikawa nzito kuliko iliyotangulia. Nikaamua kutangaza mwenyewe. "Tunasikitika kutangaza," nikasema kwa sauti, "marehemu ameacha mjane mmoja," na kicheko kikanijia chote kwa pamoja, na mikono haikuwa maji. Niliendelea kucheka na kuvuta mpaka niliposikia filimbi na kuona mstari mweupe uko mbele ya ncha za mabuti yake.

"Imebaki sekunde kumi na moja," afande akasema akitazama saa. "Umepita. Lakini wewe mama, kichwa yako haiko sawa."

Nilitoka getini bado na kofia ngumu kichwani, wamenisahau nayo. Ng'ambo ya barabara alisimama mume wangu. Duka amelifunga, akanifuata. Amevaa kanzu yake nyeupe ya Idi, na aliponiona na ile kofia alijua nimepita. Alivuka barabara, akatandaza leso yake kwenye nyasi za kando ya geti, akaweka kichwa juu yake, akalala chali.

Mlinzi alikuja mbio. "Mama, huyu mgonjwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni mume wangu."

Nikamshika kwapani, nikaanza kumvuta kuelekea barabara ya stendi, nikingojea tangazo. Hatua tano, kimya. Hatua kumi, kimya, na kanzu inachafuka na yeye hajali.

"Sema kitu," nikamwambia.

Alikuwa amefumba macho kama siku zote. "Siku nne ni nyingi," akasema.

Sikucheka. Hakuwahi kuwa mzito vile, hata asubuhi moja. Nikamkaza vizuri kwapani, nikaendelea kuvuta.