Uso wa Pili Ukutani

Mjomba wangu ni mchoraji wa mabango. Watu wanamwita Rangi, maana hajawahi kuonekana na kucha safi. Akichora mtu huanza na nguo, kisha shingo, kisha uso. Macho yanakuja mwisho kabisa. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Macho yakifika, mwenyewe kafika," alisema. "Sitaki anikodolee kabla sijamaliza kazi."

Juzi alikuwa anachora ukuta mkubwa unaotazamana na soko, pale mama anapouza mitumba. Mgombea urais alikuwa ameshakamilika, anatabasamu. Kando yake palibaki nafasi ya mgombea mwenza, ambaye angetangazwa redioni siku hiyohiyo. Mama alikuwa ameshika ngazi. Ni dada yake mkubwa, na tangu mjomba alipoanguka akavunjika mguu, hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cha mgombea, kama kila siku tangu kampeni zianze.

Waliokuwa wanatajwa ni wawili. Mmoja ni daktari wa watoto, mwanamke mpole. Mwingine ni bwana tunayemwita Fagio. Alipokuwa meya aliamuru vibanda vya soko vivunjwe, na cha mama kilikuwamo. Ndiyo maana siku hizi mama anatandika nguo zake chini, juu ya turubai.

"Watamchukua daktari," alisema muuza viatu. "Mgombea ana akili."

"Akili hiyohiyo ndiyo itamfanya amchukue Fagio," fundi saa akamjibu. "Daktari anapendwa hapa kwetu tu. Fagio ana kura za upande wa pili wote."

"Aa, mgombea mwenza ni tairi la spea bwana! Nani hulitazama?" muuza viatu akadakia.

"Utalitazama siku ya pancha," mama alisema, bila kucheka. "Mzee mwenyewe umri umeshaenda. Akidondoka, nchi anabaki nayo nani?"

Fundi saa akaisogeza redio yake karibu.

Mjomba hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimtaka daktari, na kwa kumtaka alijiaminisha kwamba ameshateuliwa. Alikuwa ameshachora mabega ya gauni la kijani, na mkufu juu yake. Soko zima liliona.

Fundi saa akapandisha sauti ya redio. Mtangazaji akazunguka weee, sifa juu ya sifa. Kisha akataja jina.

Fagio.

"Haya Rangi," muuza viatu akashindwa kujizuia, "mvalishe gauni lake!"

Hakuna aliyecheka naye. Mama aliachia ngazi, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Ngazi ikayumba. Mjomba akajishikiza ukutani kwa kiganja chenye rangi mbichi.

"Dada!"

"Shuka."

"Dada, nimeshakubali ukuta mzima. Nisipochora mimi atachora mwingine."

"Na achore huyo mwingine! Yule mtu alikaa garini, kioo kimefungwa, kibanda changu kinaanguka. Hakugeuza hata shingo. Leo mdogo wangu wa tumbo moja ndiye aje amsimamishe mbele yangu?"

Mjomba akafuta kiganja kwenye suruali. Hakushuka. Nilitaka kukimbilia ngazi, mama akanipa jicho, nikasimama. Sijui swali lilinitokaje.

"Mama, kwani mgombea bado utampigia kura?"

Alifungua kitambaa kichwani, akakiangalia kwa muda mrefu. Nilidhani atakitupa. Akakikunja.

"Mzee namtaka. Huyu wake simtaki. Na pale kwenye karatasi ya kura hawajaniwekea mkasi niwatenganishe."

Ngazi iliyumba tena. Mama akairukia, akaikamata kwa mikono miwili.

"Mchore," alisema, akitazama juu. "Ila mchore alivyo. Usimpunguzie makunyanzi, usimwongezee tabasamu. Na ukifika kwenye macho, yafanye yatazame huku chini, kwenye turubai langu."

"Walionipa kazi wanataka atazame mbele."

"Rangi, ngazi nimeishika mimi."

Mjomba akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaanza kumvisha Fagio koti juu ya gauni. Hadi jioni ukosi wa kijani ulikuwa bado unachungulia. Macho yalipofika, wateja wa mama walianza kugeuka nyuma, kuona nani anawatazama.

Kitambaa kiko mfukoni mwake mpaka leo. Hajakifunga, na hajakitupa.