Nepia ya Mama Ng'ambo ya Daraja

Mama alirudi Juba na magunia mawili. Moja lilikuwa na nguo na sufuria. La pili lilikuwa na vipande vya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kila kimoja na vifundo vitatu, vimefunikwa kwa kitambaa alichokilowesha maji kila basi liliposimama kutoka Kitale hadi Nimule. Kitale ndiko tulikokimbilia wakati wa vita, na mama alifanya kibarua huko miaka mingi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa nimemtangulia kwa mwaka mmoja, baada ya mkataba wa amani, nikapata kazi benki. Nilitegemea ataniletea blanketi. Nilipofungua gunia na kukuta nyasi, nilicheka hadi nikaona aibu.

Baba hakucheka. Alitazama vile vipande, akauliza kwa Kiarabu cha Juba, "Ita gi zara gesh?" Yaani, unapanda nyasi? Kisha akarudi kwenye kiti chake mlangoni, kwa redio yake.

Kiti kile ndicho kilichomkera mama. Tulipokimbia, baba alibaki kulinda ng'ombe, akasema atatufuata. Vita vikawamaliza ng'ombe wote, na hakutufuata. Hakutueleza ilikuwaje, nasi hatukumuuliza. Sasa yeye na mama walikaa nyumba moja kama wapangaji wawili, wakisalimiana asubuhi na kupeana nafasi ya kupita.

Wiki ya pili mama alinishika mkono akanipasulia. "Mimi nitampandia baba yako majani, wewe utamtafutia ng'ombe. Mvua zikiisha na bado anakaa hivi, narudi Kitale. Sikuja hapa kuolewa na redio."

Mama yangu hatishi watu bure. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda boda boda, nikavuka daraja la mto hadi Gumbo, walikokaa wao, nikavua viatu vya benki na kushika jembe. Ilikuwa Juni, udongo umeshiba maji. Tulichimba mistari, hatua moja kutoka mmoja hadi mwingine, tukatia samadi tuliyopewa na jirani mwenye zizi. Jirani alitupa bure, na kicheko akatuongezea: nchi nzima imejaa nyasi, ninyi mnazipanda! Kila kipande kililazwa kimeinama, vifundo viwili ndani ya udongo, kimoja nje. Mimi nilipanda mstari mzima vichwa chini. Mama aliving'oa kimoja kimoja.

"Wewe ukizikwa kichwa chini, utaota?"

Palizi ndiyo iliyonimaliza. Kung'oa nyasi ili nyasi zipate nafasi! Nilinung'unika mchana kutwa, na mama alinisikiliza kama anavyosikiliza kuku.

Agosti dereva mmoja wa lori alituletea ng'ombe niliyemwagiza kutoka Uganda, mtamba wa damu mchanganyiko, mwekundu mwenye uso mweupe. Nepia ilikuwa bado changa. Mama alieleza mbele ya wote kwamba hata ikikomaa ng'ombe hatakiwi kuingia humo, maana atakanyaga mashina na kuyang'oa na mizizi yake. Alimfunga bandani, akawa anamkatia nyasi za porini kando ya mto. Baba alimtazama ng'ombe mara moja tu. Kwake yeye, ng'ombe wa kufungwa na kuletewa chakula ni ama mgonjwa ama mfungwa, na mwanamume wa kukata nyasi alikuwa hajawahi kumwona. Mama alikata peke yake, Septemba yote.

Oktoba mvua zilianza kukonda. Nilikuta nguo za mama zimefuliwa, zimekunjwa, zimerudi ndani ya gunia. Niliogopa kumuuliza, nikajifanya sijaona.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili tukate nepia kwa mara ya kwanza. Jumamosi hiyo nilimkuta mama kwenye soko la Konyo Konyo akinunua chumvi, tukarudi pamoja. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu na banda liko wazi. Katikati ya shamba, nepia iliyokuwa imefika mabegani mwangu ilikuwa imelala chini, mashina mengine yameng'olewa, mizizi juu. Ng'ombe alikuwa humo, anakula. Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kelele, mama akanivuta mkono.

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe, akimpaka jivu mguuni la kufukuza nzi, akizungumza naye kwa lugha yetu ya nyumbani. Hakuwa ametuona.

"Kula," alimwambia. "Haya ameyabeba mke wangu kutoka mbali. Mimi nilibaki kwa ajili ya wenzako, nikamwacha aende na watoto peke yake. Wenzako nikawapoteza. Ningemfuata vipi mikono mitupu? Kula, halafu umwambie wewe. Mimi siwezi."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Mama hakulia. Aliingia kwenye nepia, chumvi mkononi, akampita baba na kushika kamba ya ng'ombe.

"Mtoe huyu, anaharibu mizizi. Haya majani hukatwa. Leta panga, mzee."

Baba aliinuka taratibu, magoti yakimsumbua. Nilidhani anakwenda kwenye kiti chake. Alimrudisha ng'ombe bandani, akarudi na panga, akainama mwanzo wa mstari na kushika shina la kwanza.

"Hapa?"

"Juu kidogo. Ukikata chini sana haitachipua."

Alipandisha panga. "Hapa?"

"Hapo."

Walikuwa kwenye mstari wa tatu, yeye akiuliza na mama akijibu, nilipotambua kwamba sikuwa nimewahi kuwasikia wakizungumza kwa muda mrefu hivyo tangu mama arudi.